Nilivyomtafuta Mpwa Wangu Temeke

Wasomaji wengi wa gazeti hili wana mtoto, ndugu au jirani aliyekwenda Dar es Salaam. Wengine hupiga simu kila Jumapili baada ya Misa, na wengine hunyamaza. Habari hii nawaandikia hasa wale ambao mtoto wao amenyamaza.

Kwetu ni karibu na Ndanda, mahali ambapo Wabenediktini walifungua misheni mwaka 1906. Sisi ni Wamakua, na kwetu mtoto ana baba yake, lakini shauri lake zito liko kwa mjomba. Akitaka kuoa, mjomba huulizwa. Akipotea, mjomba huulizwa vilevile. Basi mwezi wa Agosti mwaka 2019 dada yangu alinijia asubuhi, akaketi chini ya mkorosho bila kusema neno. Nikajua amekuja kwa ajili ya mwanawe wa pili. Kijana huyo, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa Dar es Salaam tangu mwaka 2017, na simu yake ilikuwa haipatikani tangu mwezi wa Mei.

"Kaka," akasema, "nenda ukamlete. Akiwa mzima, mlete. Na akiwa..." Hakumaliza. Baba wa mtoto alikwisha fariki, na mimi ndimi mjomba. Nikauza gunia moja la mbaazi, nikapata nauli.

NJIA YA KUSINI

Gari liliondoka gizani. Tukapita Mingoyo, tukapita Nangurukuru ambako njia ya Kilwa huchepuka, hata mchana tukafika mto Rufiji. Watu wa kusini hatupiti hapo bila kukumbuka mambo ya zamani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tulivuka kwa pantoni, na wakati wa mvua abiria walilala njiani siku nyingi, wakila mahindi ya kuchoma na kuombana maji. Siku hizi gari lapita juu ya daraja kama mchezo. Ndiyo maana vijana huondoka upesi hivi: njia imekuwa fupi. Lakini urefu wa kurudi haukupungua, maana anayerudi mikono mitupu huona aibu, na aibu haijengewi daraja.

Baada ya Ikwiriri, Kibiti na Mkuranga tukaingia Kongowe, kisha Mbagala Rangi Tatu. Hapo ndipo mlango wa mji kwa watu wa kusini. Nilishuka na mfuko wa korosho begani, nikasimama kando kama mtu aliyesahau alichokuja kufanya. Kila mtu alikwenda mbio. Wapiga debe waliita majina ya mahali nisipopajua, bodaboda zilipita mbele na nyuma yangu, na mama mmoja mwuza machungwa akaniambia kwa upole, "Baba, sogea, utagongwa." Hilo lilikuwa neno la kwanza nililoambiwa mjini, na mpaka leo namshukuru.

Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta katika mji wa Dar es Salaam watu 128,742. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta katika mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Hayo yote yametokea katika umri wa mzee mmoja. Nami jioni ile nilikuwa nikimtafuta mtu mmoja kati yao.

KWA NDUGU YETU KINONDONI

Anwani niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu: kwa ndugu yetu mmoja aliyeko Kinondoni, ambako kijana alifikia mwanzo. Kutoka Mbagala hadi Kinondoni ni kuvuka mji, maana Temeke iko kusini na Kinondoni iko kaskazini. Nikapanda daladala mpaka Kariakoo, nikabadili, nikafika magharibi imekwisha ingia.

Bwana mmoja Mwingereza, J.A.K. Leslie, alichunguza maisha ya watu wa Dar es Salaam katika miaka ya 1950, na kitabu chake kilitolewa mwaka 1963. Aliandika kwamba mgeni kutoka bara hufikia kwanza kwa ndugu yake. Hata leo ndivyo ilivyo. Lakini yafaa tuulize: huyo ndugu ana nafasi gani?

Ndugu yetu alinipokea kwa furaha kubwa, akanipa kiti, naye akaketi juu ya ndoo. Nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga Mkwajuni kwa jasho la miaka mingi, ilibomolewa Desemba 2015, wakati nyumba nyingi zilizokuwa katika bonde la mafuriko la mto Msimbazi zilipoondolewa. Tangu hapo anapanga vyumba viwili, na humo walala watu saba. Mpwa wangu alikuwa wa nane. Alilala ukumbini juu ya mkeka. Alilala wa mwisho, baada ya wapangaji wote kupita, na aliamka wa kwanza, kabla hawajaanza kupita tena.

"Hakuna aliyemfukuza," ndugu yetu akaniambia, akitazama chini. "Aliaga mwenyewe mwezi wa Januari. Alisema amepata kazi Temeke."

Nilimsadiki. Usiku ule nililala mahali palepale alipokuwa akilala kijana, nami nikaelewa. Chakula kilipoletwa, watoto hawakusema lolote, ila niliona macho yao yakihesabu vipande vya samaki. Watoto wale si wachoyo, bali samaki walikuwa wachache. Kijana mwenye haya akiona macho hayo kila siku kwa mwaka mzima, sharti ataondoka. Undugu ulikuwapo, nafasi haikuwapo. Basi sikumlaumu ndugu yetu, wala ninyi msiwalaumu upesi ndugu zenu walioko mjini.

Asubuhi mtoto wake mkubwa akaninong'oneza mlangoni, "Mjomba, yeye hubeba mizigo soko la Tandika."

NYUMBA NYUMA YA SOKO

Temeke, Magomeni na Kinondoni ni mitaa iliyopimwa baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilipotafuta mahali pa kukaa Waafrika waliokuwa wakizidi Kariakoo na Ilala. Tandika iko upande wa Temeke, na soko lake ni kubwa: nguo za mitumba, ndizi, mihogo, nazi, vyombo vya plastiki, na sauti za watu tangu alfajiri. Niliuliza wachukuzi watatu. Wawili walitikisa kichwa. Wa tatu akasema, "Muulize mjumbe." Desturi ya mabalozi wa nyumba kumi ilianzishwa na TANU katika miaka ya 1960, na hata sasa, ukitaka kumjua mtu wa mtaa, ni vema kuanza kwa mjumbe.

Mjumbe alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya mkono. Nilipomweleza alikotoka kijana, akacheka. "Mmakua? Yule wa Mama Vitumbua? Njoo."

Akanipeleka mpaka nyumba moja ya Kiswahili. Wasomaji wa bara huenda hawazijui nyumba hizi. Mbele ina baraza ya kukalia. Mlango mmoja hufungua ukumbi mrefu uliopita katikati, na vyumba vitatu huku na vitatu huku. Nyuma ni uani: jiko, choo, bomba na kamba za nguo. Zamani zilijengwa kwa miti na udongo na kuezekwa makuti. Siku hizi ni matofali na mabati, lakini mpango ni uleule. Mwenye nyumba huchukua chumba kimoja au viwili, na vingine hupangisha. Basi katika nyumba moja waweza kukuta Mzaramo, Mnyamwezi, Mpare na Mmakonde, na wote huchota maji bomba moja.

"Hodi!" nikaita. "Karibu, pita uani!" ikajibu sauti ya mwanamke.

Nikapita ukumbini, nikatoka uani, na hapo nikasimama. Mpwa wangu alikuwa ameketi juu ya mbuzi, anakuna nazi.

Kwetu mwanamume hakuni nazi. Sikujua nicheke au nigombe. Kijana alipoinua uso na kuniona, mkono wake ulisimama, na kifuu kikamponyoka kikabingirika hadi miguuni pangu. "Shikamoo, mjomba," akasema, na sauti ikamkwama. Nikasema, "Marahaba," nami sikuweza kuongeza neno. Nikakiokota kile kifuu nikampa. Hivyo ndivyo tulivyoonana.

NDALA MLANGONI

Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kizaramo, mwenye umri wa zaidi ya miaka sitini, mjane, Mwislamu, mwuza vitumbua. Kila siku saa kumi usiku aliamka kuchanganya mchele aliousaga na tui, hamira na iliki. Na jua lilipotoka tayari alikuwa barazani na kikaango chake. Nilimwamkia shikamoo, maana alikuwa mkubwa kwangu. Aliponijua mimi ni nani, aliondoa mkono wake usoni mwa moto, akasema, "Mjomba mtu! Nasi Wazaramo twamjua mjomba. Kaa, baba, ule kwanza. Maneno hayaozi."

Nilipokwisha kula, nikasikia habari yote, nusu kwa mama yule na nusu kwa kijana.

Alipotoka Kinondoni, kijana alipanga chumba katika nyumba ile pamoja na mwenzake waliyekutana sokoni. Baada ya miezi miwili mwenzake akaenda zake machimboni. Kijana akabaki peke yake. Alitoka alfajiri kubeba mizigo, akarudi usiku, akafunga mlango. Salamu yake ilikuwa moja asubuhi na moja jioni. Siku za Jumapili alikwenda Misa, akaketi nyuma, akatoka kabla ya matangazo. "Mjomba," akaniambia, "miezi ile kuna siku zilipita sikusikia mtu akitaja jina langu. Sokoni huitwa 'mchukuzi', ndani ya daladala huitwa 'kijana', nyumbani huitwa 'mpangaji'. Siku moja nililitaja mwenyewe chumbani, nisikie tu."

Mwezi wa Mei mwaka ule mji ulikuwa umepigwa na homa ya dengi. Homa hii huletwa na mbu aumaye mchana, naye huzaliwa katika maji yaliyotuama ndani ya makopo, matairi na vifuu. Kijana akashikwa na homa kali, macho yakamwuma kwa ndani, viungo vikamlegea. Akajifungia chumbani, akajifunika, akangoja ipite. Hakumwita mtu. Angemwita nani?

Mama yule, kila alipotoka kusali alfajiri, alipita ukumbini. Mlangoni pa kila mpangaji pana ndala. Akizikuta zimeelekea nje, ajua mwenyewe ataondoka sasa hivi. Asipozikuta, amekwisha toka. Siku ile aliziona ndala za kijana zimekaa kama zilivyokaa jana, moja imelala juu ya mwenzake. Kesho yake akaziona vilevile.

"Nikajiuliza," akaniambia, "huyu anatembea bila miguu? Nikagonga. Kimya. Nikamwita mjumbe, tukasukuma mlango."

Walimkuta hajiwezi, midomo imekauka. Wakampeleka hospitali katika bajaji, mama amekaa nyuma amemshika kichwa. Alimnywesha uji na maji ya madafu siku tisa. Fedha za bajaji na dawa alizitoa yeye kwanza. Kijana alipopata nafuu aliuza simu yake ili amlipe, na mama alipozikataa fedha zile, kijana alizilipia kodi. Ndivyo namba yake ilivyokufa, nasi huko kwetu tukadhani amekufa mwenyewe.

JUMUIYA YASUTWA

Sasa nitasema jambo lisilotupa sifa sisi Wakatoliki, lakini yafaa lisemwe.

Kijana alipokuwa bado amelala, mama yule alikwenda dukani kwa mama mmoja wa Kichaga, umbali wa nyumba tano tu. Alijua kwamba dukani pale Wakristo hukutana Jumamosi alfajiri. Maana mwaka 1976 maaskofu wetu wa Afrika ya Mashariki walikubaliana Nairobi kwamba Kanisa lijengwe katika jumuiya ndogondogo, ili Mkristo ajulikane na jirani yake, asipotee katika umati. Basi Mwislamu yule akasimama mbele ya duka, akasema, "Kijana wenu mmoja yuko kwangu mgonjwa. Ana rozari ukutani. Miezi minne yuko hapa, mbona hamumtazami?"

Mwenye duka mwenyewe alinisimulia maneno hayo, tena kwa aibu. Alisema walimwona kijana kila siku akipita na mzigo, wala hawakumwuliza yeye ni nani. Jioni ile walikuja watu sita. Mmoja, fundi cherehani wa Kingoni, aliketi kitandani pake akamwambia, "Ukipona, njoo nikufundishe kazi. Mgongo huchoka, sindano haichoki upesi." Na kweli nilipofika mwezi wa Agosti kijana alikuwa akibeba mizigo asubuhi na kujifunza kushona mchana.

Tangu homa ile mama wa Kizaramo hakumwacha ale peke yake. "Kula mbele ya ukuta ni ugonjwa mwingine," alisema. Kijana naye aliona haya kula bure, akaanza kuchota maji, kisha kuosha sufuria, mwisho kukuna nazi. Siku za Jumapili mama ndiye aliyemgongea, "We, kanisani huendi leo?" Na mwezi wa Ramadhani, uliokuwa mwezi uleule wa Mei, kijana alipoanza kutembea alikaa nao jioni wakati wa futari, wakampa uji kwanza kwa sababu ya ugonjwa.

Dada yangu aliogopa mambo mengi: wizi, bangi, gereza, na kuacha dini. Sisemi kwamba hofu hiyo haina sababu. Mjini yote yapo. Lakini mlinzi wa mtoto wake alikuwa mtu ambaye sisi tusingemchagua.

BARAZANI JIONI

Jioni tuliketi barazani. Mpangaji mmoja mzee, Mnyamwezi, akaanza kumchokoza mwenye nyumba. "Mgeni, umeona mkeka huu uliotoboka? Mzaramo huyu anakula kodi yetu yote ngomani." Mama akamjibu, "Nyamaza wewe, babu yako aliletwa pwani na mzigo kichwani, nawe mpaka leo hujautua." Watu wote wakacheka. Nilishtuka kwanza, kisha nikaelezwa: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zamani za misafara, wapagazi wa bara walipokuja pwani. Utani huo una kazi. Mtani hukutukana ukiwa hai, naye hukuzika ukifa, hata kama huna ndugu wa damu mjini. Wazee waliokuja Dar es Salaam bila mama wala mjomba hawakukaa bila watu. Walijua pa kupata ndugu.

Watu walipoingia ndani, mama yule akabaki nami, akamwita kijana. Akamwuliza mbele yangu, "Mwanangu, mara ngapi nimekuuliza kama kwenu wajua uko wapi?"

Kijana akainama. "Mara nyingi, mama."

"Ukaniambia nini?"

"Nilisema wajua."

"Kwa nini ulinidanganya?"

Kijana akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Nilimwahidi mama mabati. Nilitaka nipige simu nikiwa na habari ya mabati."

Wasomaji, mimi nilikuja na hasira tayari imefungwa kama mzigo, lakini hapo ilifunguka yenyewe. Nikakumbuka kwamba kila alipopiga simu zamani, sisi nyumbani tulimwuliza, "Umepata nini?" Sikumbuki kama tulimwuliza, "Unakula na nani?"

Mama yule hakumwachilia. Alimsema kwa ukali kama amemzaa. Kisha akanigeukia, sauti yake imeshuka. "Baba, mimi mwanangu wa mwisho yuko Afrika ya Kusini. Huu mwaka wa tisa. Alizamia meli hapo bandarini pamoja na wenzake. Mwanzo alipiga simu, sasa hapigi. Labda naye anangoja apate mabati. Namwomba Mungu tu awepo mama mmoja huko anayetazama ndala zake."

Hatukusema zaidi usiku ule.

MAMA WAWILI

Asubuhi nilimpigia dada yangu, nikampa kijana simu. Nilikwenda kusimama barabarani, wala sikusikia walichosema. Nilisikia kilio tu cha upande wa pili. Nilikuwa nimeagizwa nimlete. Nilimleta, akakaa kwetu majuma mawili, akamsaidia mama yake kupalilia mikorosho, kisha akarudi Tandika kumaliza kujifunza kazi yake. Mimi mwenyewe nilimruhusu.

Dada yangu hakufurahi. Siku moja alimsikia kijana akisema katika simu, "Ndiyo, mama, nimekula," akajua simu ile inatoka Temeke. Akaniambia, "Kaka, nilikutuma uniletee mwanangu. Umeniletea mtoto wa mtu."

Maneno hayo yaliniuma, na sikuwa na jibu siku ile. Jibu alilipata mwenyewe baadaye. Mama yule alimpigia simu, akamwamkia kwanza yeye, ingawa alikuwa mdogo kwake, akamwambia, "Mwenzangu, huyu ni wako. Mimi nimeshika tu mpaka utakapofika." Tangu hapo mavuno ya korosho yalipofika, debe la kwanza lilikwenda Temeke, na kwa gari lilelile zilirudi kanga mbili, jozi moja, dada yangu avae moja na kujitanda moja.

Mwaka 2022 mama yule alifariki. Nilisafiri pamoja na dada yangu. Kwake ilikuwa mara ya kwanza kuvuka Rufiji. Hatukuwahi maziko, maana Waislamu huzika upesi, lakini tulielezwa. Jeneza huchukuliwa kwa kupokezana, na watoto wake wakubwa walimwita mpwa wangu, wakampa nafasi mbele, bega la kulia. Mzee wa Kinyamwezi aliketi mlangoni akaizuia njia, akisema Mzaramo huyu hatoki mpaka deni lake lilipwe. Wakamlipa sarafu, kama ilivyo desturi ya watani, naye akaondoka njiani akilia. Watu wa jumuiya walipika chai ya waombolezaji siku tatu. Aliyekuwa Afrika ya Kusini hakuja.

Tulipofika, dada yangu aliingia uani, akavua viatu, akaketi juu ya mkeka pamoja na wanawake, amejitanda kanga ile. Mmoja akamwuliza, "Mama ni nani wa marehemu?" Dada yangu akafikiri kidogo, akajibu, "Tumezaa pamoja."

Kijana leo ni fundi cherehani, anapanga chumba kilekile, na watoto wa marehemu wamekataa kumpandishia kodi. Mabati aliyaleta mwaka 2023. Siku yalipofika, dada yangu aliyatazama, akamwuliza kwanza, "Umekula?"

Basi, ninyi wenye watoto mjini, mkipiga simu ulizeni mtoto anakula na nani, na nani atajua asipoamka. Mkipata jina la huyo mtu, msalimuni, awe wa dini yenu au si wa dini yenu, na kama nauli ipo, nendeni mkamshike mkono. Na sisi tunaokaa vijijini tusidhani habari hii ni ya mjini tu. Kila mwaka twaletewa mwalimu mpya, mwuguzi mpya, kibarua wa korosho kutoka mbali. Naye ana ndala zake mlangoni. Mimi siku hizi, nipitapo asubuhi mbele ya nyumba ya mwalimu wetu mgeni, huzitazama.